Leo Mwezi Ngapi? Vuli Yangu ya Kwanza na Mshipi Tanga

Majirani walioniona nikirudi nyumbani na kapu la changu mwezi Novemba 2023 walidhani nimenunua dikoni, na sikuwalaumu, kwa kuwa wiki moja kabla ya hapo walikuwa wameniona nikirudi na pweza ambaye kweli nilimnunua. Mimi ni mhasibu mstaafu, mzaliwa wa Kilosa, na kwa miaka yote niliyofanya kazi Tanga bahari niliijua kwa macho tu. Nilipostaafu niliamua kujifunza kuvua kwa mshipi katika maji ya karibu, yale ambayo mtu mwenye mtumbwi wa kukodi anaweza kuyafikia alfajiri na kurudi kabla jua halijawa kali. Mambo ya leseni na ya kupata chombo siyaelezi, maana kila anayekaa pwani anajua aende kwa nani.

Nilikuwa na jirani, mjuzi wa kila jambo, aliyenipa mashauri matatu. La kwanza lilikuwa zuri, nami namshukuru kwalo: nisubiri upepo wa kusi ukatike. Kati ya Mei na Septemba kusi huvuma kwa nguvu, mawimbi huvunjika juu ya mwamba, maji huchafuka, na mtu mwenye mtumbwi mdogo hana analotafuta huko. Kufikia Oktoba upepo hulegea, na kabla kaskazi haijashika huja majuma kadhaa ya matlai, upepo mwanana wa kati ya misimu, ambapo asubuhi bahari hulala kama mafuta ndani ya sufuria. Maji nayo hupata joto. Yale ya Agosti huwa na nyuzi 25 au 26 hivi, na ya Novemba hufika 28, na mtu anayeingia hadi magotini kusukuma chombo huihisi tofauti hiyo bila kipimo chochote.

Mashauri mawili yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya kichekesho. Aliniambia kwamba siku za kuvua ni siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, kwa kuwa maji mengi huleta samaki wengi, na kwamba mvua za vuli zikishaanza nikunje mshipi niuweke darini, kwa kuwa samaki hukimbia maji ya mto. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya ngalawa, ingawa baadaye niligundua kwamba hajui hata kuogelea.

Basi nilichagua Jumapili tarehe 29 Oktoba. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi mpevu ulipatwa, sehemu ndogo tu yake, na watu wa mtaani walitoka nje kuutazama; mimi nilikuwa ndani nikifunga ndoana kwa furaha, kwa sababu mwezi mpevu maana yake ni bamvua. Nilikodi mtumbwi pale Sahare kwa elfu kumi na tano hivi, au pengine ilikuwa ishirini pamoja na kafi, nikamchukua mpwa wa mke wangu, kijana mwenye nguvu nyingi na maarifa sawa na yangu. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Nilibeba chupa ya chai, maandazi, ngisi wa chambo, na mwavuli mweusi wa ofisini, nao ndio uliokuja kuniponza kwa vicheko.

Yaliyotokea ni haya. Wakati wa bamvua, pwani yetu huwa na tofauti inayopita mita 3 kati ya maji kujaa na maji kupwa, na maji yote hayo hulazimika kutoka ndani ya saa sita hivi. Sisi tulitia nanga ndani ya mlango mwembamba kati ya miamba, mahali ambapo maji yalikuwa yakitoka kama watu wanaotoka uwanjani mpira ukiisha. Nilitupa mshipi wenye chubwi, kile kizito cha kuuzamisha, nikisubiri ugonge chini, lakini haukugonga. Ulinyooka nyuma ya mtumbwi ukalala juu ya maji kama kamba ya kuanikia nguo, na chambo changu kikawa kinaelea upande wa Pemba. Nikaongeza chubwi ya pili, ikashuka, ikaburutwa, ikanasa kwenye jabali. Kufikia saa mbili nilikuwa nimepoteza ndoana nne na chubwi zote nilizonunua, na kijana alikuwa amepata bunju mmoja, ambaye alijivimbisha, akatutazama, akakata uzi kwa meno na kwenda zake.

Hapo nikatoa amri nzuri kuliko zote: tusogee karibu na ufukwe, ambako mkondo ni mdogo. Mkondo kweli ulikuwa mdogo, lakini na maji pia. Saa tatu kamili mtumbwi uligusa mchanga. Tulidhani ni jambo la kusukuma kidogo, tukashuka, tukasukuma, na kila tulipopiga hatua tano maji yalikuwa yamekwisha kupiga kumi. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumekaa juu ya uwanja wa mchanga na majani ya bahari, mbali na maji, chini ya jua la Oktoba lisilo na wingu. Kijana alijilaza kwenye kivuli cha ubavu wa mtumbwi akasinzia. Mimi nilikaa juu ya bao, nikafungua mwavuli.

Akina mama wakaanza kupita. Katika bamvua maji yanapokauka ndipo wanawake hutoka kuokota chaza na kutafuta pweza, na njia yao ilipita mbele yangu kama barabara. Bibi mmoja mwenye ndoo na mchokoo, kijiti cha kuchokolea pweza mashimoni, alisimama, akanitazama kuanzia kwenye viatu hadi kwenye mwavuli.

“Shikamoo, bibi,” nikamwambia.

“Marahaba, baba. Hapa mwasubiri basi?”

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaweka ndoo chini. Yeye hakucheka, aliinama kwenye jabali dogo, hatua zisizofika kumi kutoka mahali nilipotia miguu yangu asubuhi nzima, akaingiza mchokoo, akautikisa, akatoa pweza mkubwa kuliko kofia yangu. Nilimnunua pale pale, elfu tano au sita, nikamlaza ndani ya mtumbwi kana kwamba ndiye tuliyemfuata. Maji yaliturudia saa sita na robo. Nyumbani, mke wangu alimgeuza yule pweza taratibu, akauliza ndoana ilimshika wapi, na nikakumbuka kwamba nilikuwa na shughuli nyingine uani.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee aliyenikodishia mtumbwi kurudisha kafi, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Leo mwezi ngapi?”

“Wa kumi, mzee,” nikajibu.

“Si huo wa serikali, mwanangu. Nakuuliza huo wa juu.”

Nilikuwa nimeishi na watu wa pwani miaka yote hiyo bila kujua kwamba mvuvi anapouliza mwezi anauliza tarehe ya mwezi wa mbinguni, na kwamba kwa kuijua tarehe hiyo hahitaji kuangalia jedwali lolote. Ile siku ilikuwa mwezi kumi na nne. Kwetu Tanga, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa sana alfajiri na tena alasiri kama saa kumi hivi, na hukauka katikati ya asubuhi. Kisha kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, hadi kufikia mwezi saba au mwezi ishirini na mbili mambo yanakuwa yamegeuka, kupwa ni alfajiri na kujaa ni saa nne au saa tano asubuhi. Hizo za mwisho ndizo siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hupungua ikawa kama mita 1 tu na mkondo ukanywea. Mzee alisema bamvua ni ya wenye wando, uzio wa kutegea samaki, na ya akina mama wa pweza, na kwamba mwenye mshipi, mtumbwi mdogo na akili ndogo angoje maji mafu. Hilo la akili ndogo alilisema kwa upole.

Kwa hiyo nikapanga Jumanne tarehe 7 Novemba, na safari hii mzee mwenyewe alikubali kuja. Hapo katikati likaja jambo la pili la jirani yangu: mvua. Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya El Niño, mvua haikunyesha bali ilimwagwa, na mito ya Sigi na Mkulumuzi ilikuwa ikiingiza ghubani maji ya rangi ya chai ya maziwa. Jirani alipita barazani kwangu akaniambia sasa niuze ndoana. Hata mzee alisita kidogo, si kwa sababu ya samaki bali kwa sababu ya upepo, maana katika vuli wingu jeusi likisimama upande wa bahari, upepo hutangulia mvua, na mtumbwi unaochelewa kugeuka hauna msamaha.

Nami ndipo nilipopata wazo ambalo hadi leo najivunia kuliko pensheni yangu. Maji ya mto hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi kuliko ya bahari, na chepesi huelea. Nikajiuliza: je, tope hili linafika hadi chini, au limetandikwa juu tu kama shuka? Nilichukua chupa ya soda ya kioo, nikaifunga jiwe shingoni, nikaiziba kwa gunzi la hindi, kisha nikafunga uzi mmoja kwenye chupa na mwingine kwenye gunzi. Tulipofika nje kidogo ya mdomo wa ghuba, maji yakiwa bado kahawia, nilichota ya juu kwa kiganja nikaonja: chumvi ilikuwa hafifu, kama mchuzi uliosahauliwa. Nikashusha chupa pima mbili, yaani urefu wa mikono iliyonyooshwa mara mbili. Mara ya kwanza nilivuta uzi usio wake na chupa ikarudi tupu, mzee akatazama pembeni kwa adabu. Mara ya pili nilivuta gunzi, nikahesabu hadi ishirini, nikapandisha. Maji yaliyotoka yalikuwa maangavu, na nilipoyaonja nilikunja uso kwa chumvi. Nikampa mzee chupa. Akaonja, akatema, akasema, “Haya, shusha mshipi,” na kwa mtu wa maneno machache kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Tulitia nanga pale ambapo maji kahawia yalikutana na ya buluu, kwenye mstari uliokuwa umekusanya majani, vijiti na povu. Mzee alisema kolekole huzungukia mstari huo kwa kuwa vidagaa hujificha upande wa tope, na mimi sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, maji yameanza kujaa muda si mrefu, bila haraka, na mshipi ulishuka pima sita ukiwa wima kama fundi ameupima.

Chubwi zangu safari hii zilikuwa plagi kuukuu za pikipiki, ambazo fundi wa bodaboda wa mtaani kwetu alinipa kofia nzima akidhani nimechanganyikiwa. Kila plagi niliifunga kwa uzi dhaifu wa kushonea nguo, mbali kidogo na ndoana, ili ikinasa kwenye mwamba uzi huo ukatike na ndoana irudi. Nilipoteza plagi saba asubuhi ile na ndoana moja tu. Anayenunua chubwi za risasi dukani anunue, fedha ni yake.

Chambo kiwe ngisi, na kiwe kibichi; kile kilicholala siku mbili huwaita bunju tu. Na mtu asihangaike kuwatega tasi kwa ndoana ya ngisi, kwa kuwa wale hula majani, ndiyo maana wenye madema, ile mitego ya kusuka, huwapata na sisi hatuwapati. Tulipata changu kumi na wanne, wengi wao changu doa wa kukaa sahanini, chewa mmoja aliyetaka kurudi pangoni mwake na mshipi wangu, na kolekole wawili waliokuja pamoja kwa fujo saa tatu, maji yalipopamba. Sikupima, kwa mkono niliona kama kilo nane. Saa tano maji yalipokaribia kusimama, samaki waliacha kula kana kwamba wamepigiwa kengele. Wakati huo huo mzee akatazama upande wa Pemba, akaona weusi, akaanza kuvuta nanga bila kuniuliza. Mvua ilitukuta tayari tuko mchangani Sahare, tukiwa tumeugeuza mtumbwi na kujibanza chini yake.

Jioni jirani alikuja na bakuli. Alisifu samaki, akauliza nimewapata wapi na mvua yote hii, kisha akaniomba nimwambie siku nzuri ili naye aende na shemeji yake. Nikamuuliza leo mwezi ngapi. Akajibu bila kusita kwamba ni wa kumi na moja. Nikamtilia changu wawili katika bakuli, nikamsindikiza hadi mlangoni.