Mtoto Mchanga Hazaliwi Mraibu

Kila ninaposoma kwamba mtoto fulani amezaliwa akiwa mraibu wa dawa za kulevya, moyo huniuma, kwa sababu neno hilo linamtwika mtoto mchanga tabia asiyoweza kuwa nayo. Uraibu ni kuitafuta dawa na kuendelea kuitumia hata pale mtu anapoona wazi kwamba inamwangamiza. Mtoto wa siku mbili hatafuti chochote isipokuwa ziwa na joto la mwili wa mama. Kinachompata ni kitu kingine. Heroini, au methadoni (dawa wanayopewa waraibu wa heroini kama tiba), iliyokuwa ikimfikia kupitia kondo la nyuma hukoma ghafla kitovu kinapokatwa, na mwili uliokwisha kuizoea huhangaika: hutetemeka, hulia kwa sauti kali, hutapika, huharisha, hushindwa kunyonya na kulala. Watumiaji wazima huiita hali hiyo arosto. Ni mateso ya kweli, lakini yanatibika.

Nalishikilia suala la maneno kwa sababu historia yake ni chungu. Mwaka 1985 Dakta Ira Chasnoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa awali wa wanawake 23 tu waliotumia kokeini katika ujauzito. Magazeti na televisheni za Marekani zikayachukua matokeo hayo na kutabiri kizazi kizima cha watoto walioharibika ubongo, na lawama zikawaangukia zaidi akina mama maskini Weusi. Mwaka 1989 hospitali moja ya umma mjini Charleston ilianza kuwapima mkojo wajawazito na kuwapelekea polisi majibu. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwapima kwa namna hiyo bila ridhaa yao ni kinyume cha katiba.

Wakati kelele hizo zikiendelea, Dakta Hallam Hurt wa Philadelphia alifanya kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko zote katika uwanja huu. Aliwakusanya watoto 224 waliozaliwa kati ya 1989 na 1992, takribani nusu yao wakiwa wa akina mama waliotumia kokeini na nusu wakiwa wa akina mama ambao hawakuitumia, wote kutoka familia maskini, kisha akawafuatilia kwa zaidi ya miaka 20. Walipopimwa akili wakiwa na umri wa miaka minne, kwa kipimo ambacho wastani wa kawaida ni 100, kundi la kwanza lilipata wastani wa 79.0 na la pili 81.9. Makundi yote mawili yalikuwa nyuma ya watoto wengi wa nchi yao, na bila lile kundi la pili mtafiti yeyote angeibebesha kokeini mzigo wote. Hurt alipogeuka kuyatazama maisha yao, alikuta kwamba walipofika miaka saba, asilimia 74 walikuwa wamewahi kusikia milio ya risasi na asilimia 19 walikuwa wameona maiti nje ya nyumba. Umaskini na ukatili uliowazunguka ulieleza mengi kuliko dawa.

Sisemi kwamba kokeini haina madhara: hubana mishipa ya damu, hupunguza uzito wa mtoto anapozaliwa, na inaweza kulifanya kondo litengane na mji wa mimba kabla ya wakati. Pombe, inayouzwa kihalali karibu kila mahali, ina ushahidi mzito zaidi wa kuharibu ubongo wa mtoto tumboni, na haijawahi kutangazwa kwa kelele kama zile.

Kwa watoto waliozoeshwa afyuni na dawa za jamii yake, kama heroini na methadoni, tiba nayo imebadilika. Tangu miaka ya 1970 wauguzi walijumlisha alama za dalili nyingi, na alama zikipanda, mtoto hupewa mofini, dawa ya jamii hiyohiyo, ili kumtuliza. Siku hizi wapo wanaouliza mambo matatu: ananyonya vizuri, analala walau saa moja, na akilia anabembelezeka ndani ya dakika kumi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 26 za Marekani, ulionyesha kwamba kwa utaratibu huu watoto walikuwa tayari kuruhusiwa kwa wastani wa siku 8.2 badala ya 14.9, na waliohitaji dawa walishuka kutoka asilimia 52 hadi 19.5. Kabla ya mofini, mtoto huwekwa katika chumba tulivu chenye mwanga hafifu, hupakatwa na kunyonyeshwa, na anayeombwa kuifanya kazi hiyo kwanza ni mama yake, yuleyule ambaye zamani polisi walimngoja mlangoni.