Pwani Isiyokupwa

Niliondoka Auckland, New Zealand, Ijumaa asubuhi nikafika Rarotonga, kisiwa kikuu cha Visiwa vya Cook katika Pasifiki, Alhamisi mchana, kwa kuwa ndege huvuka mstari wa tarehe, na kwa sababu hiyo shajara yangu ya wiki hii ina Alhamisi mbili na Ijumaa mbili. Ijumaa ya pili nilipanda ndege ndogo kwenda Aitutaki, kiasi cha kilomita 260 kaskazini, safari isiyofika saa moja. Kutoka juu kisiwa huonekana kimebanwa kwenye kona ya kaskazini ya pembetatu kubwa ya mwamba, na ndani ya pembetatu hiyo yametanda maji ambayo wageni huyafuata kutoka mbali. Rangi zake sitazieleza. Picha za matangazo zimekwisha kuzichosha.

Mimi nimezaliwa Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, na nilikwenda nikiamini kwamba bahari ya ndani ya mwamba ni kitu ninachokijua tangu sijajua kusoma. Kwetu wakati wa bamvua maji hushuka karibu mita nne, yakaondoka mpaka kwenye mwamba, ngalawa zikalala mchangani, na wanawake wakatembea kwa miguu mahali ambapo saa sita kabla mtu mzima angezama. Basi Jumamosi niliamka kabla ya alfajiri, kwa makusudi, ili niwahi maji yakipwa. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo nilitarajia bamvua la kutosha. Nilikwenda kwenye gati la Arutanga, kijiji kikubwa cha kisiwa, nikachora mstari kwa kipande cha mkaa kwenye nguzo, pale pale maji yalipokuwa yanagusa, nikakaa kungoja. Nilingoja saa mbili. Mstari wangu ulibaki karibu na maji kama vile hakuna aliyeuarifu kwamba mwezi umejaa.

Nahodha aliyetuchukua baadaye asubuhi alikuwa mtu wa makamo, na watu wote pale walimwita Papa, kama sisi tunavyosema Mzee. Nilimsalimu kwa *kia orana* nikamwuliza maji hukupwa saa ngapi. Alicheka kidogo, bila dharau, akanyoosha kidole kuelekea mashariki na kusini, ambako mstari mweupe wa mawimbi ulikuwa unapasuka juu ya mwamba. Huko, alisema, ndiko maji yanakotoka. Katika sehemu ile ya Pasifiki tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata mita moja, na kinachoiendesha bahari hii ya ndani ni mawimbi: hupanda juu ya mwamba upande wa upepo, yakamwaga maji ndani mchana na usiku, na maji hayo hayana budi kutafuta njia ya kutokea upande wa magharibi, ambako mwamba uko chini zaidi na ambako upo mlango mwembamba wa Arutanga. Ndiyo maana mara nyingi mkondo wa pale mlangoni huelekea nje tu. Nilijiona mjinga, ingawa ni ujinga niliourithi kwa halali: nilikuwa nimekwenda kuuliza habari za mwezi mahali ambapo mwenye amri ni upepo.

Tangu hapo nilianza kuyatazama maji kwa jicho jingine. Sehemu kubwa ni ya kina cha mita chache, na hata penye kina zaidi ni kama mita kumi. Chombo chetu kilikuwa bapa chini, na Papa alikiendesha kwa kusoma rangi. Kila tulipokaribia madoa ya kahawia, ambayo ni vichwa vya matumbawe, aliinua injini kidogo na kupita kando yake. Kisiwa chenyewe ni mabaki ya volkano inayozama polepole huku matumbawe yakiendelea kujenga pembeni, na kilele chake, Maungapu, kina urefu wa mita 124 hivi.

Tulipotia nanga niliingia majini nikiwa na miwani ya kuogelea, na jambo nitakalolikumbuka zaidi ni chaza. Wenyeji humwita *paua*. Amejichimbia ndani ya tumbawe hata ganda halionekani, kinachobaki nje ni midomo miwili iliyojipinda kama upindo wa kanga, ya buluu kali yenye madoa ya kijani. Nilipopitisha mkono juu yake bila kumgusa, kivuli tu kilitosha: midomo ilirudi ndani na ganda likajifunga kwa kusitasita, kama mlango wa mtu aliyekuwa anatarajia mgeni mwingine. Kina kile kifupi ndicho kinachomfaa, kwa maana ndani ya nyama yake huishi miani midogo sana inayomlisha kwa nguvu ya jua. Watu wamemla mno, akapungua, na sasa kisiwani kipo kituo cha serikali kinachozalisha chaza wachanga. Ipo pia *ra'ui*, desturi ya kale ya kufunga sehemu ya bahari kwa muda ili viumbe vipumzike. Nilimweleza Papa kwamba huko Pemba na Unguja nasi tunafunga mwamba kwa ajili ya pweza, kisha siku ya kuufungua kijiji kizima humiminika pwani. Hilo hakuhitaji kufafanuliwa.

Mchana tulishuka Akaiami, mojawapo ya visiwa vidogo kumi na vitano vilivyo ndani ya pembetatu. Kuanzia 1951 hadi 1960 ndege za majini za kampuni ya TEAL zilikuwa zikitua hapa katika safari ya kutoka Auckland kwenda Tahiti, na abiria walishuka kuogelea wakati ndege ikijazwa mafuta. Tulikula *ika mata*, samaki mbichi aliyeroweshwa kwa ndimu na kutiwa tui la nazi. Kuhusu ubichi wa samaki nilikuwa na shaka. Kuhusu tui sikuwa na neno. Tapuaetai, kisiwa kidogo kingine, ambako wageni hugongewa muhuri wa unyayo kwenye pasipoti, tulipita haraka, na sikusikitika sana.

Jioni nilirudi gatini. Mstari wangu wa mkaa ulikuwa bado unaonekana, na maji yalikuwa chini yake kwa kadiri ya shubiri moja na vidole viwili. Nilikaa nikafikiri juu ya neno letu pwani, ambalo ndani yake mna kupwa: mahali panapoachwa na maji. Kwa maana hiyo kamili, Aitutaki ina bahari, ina mchanga, ina mwamba, lakini pwani haina.

Huko kwetu ilikuwa Jumapili, saa moja asubuhi. Nilimpigia mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Sema upesi, bamvua leo, nataka kuwahi mwani wangu.”

Nilimweleza habari ya maji yasiyoondoka, na ya nguzo, na ya mawimbi yanayoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Alinyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia majirani wakiitana njiani.

“Sasa hao wanawake wa huko,” aliuliza, “wanakwenda pwani saa ngapi?”

Nikamwambia kwamba nadhani wanakwenda saa yoyote wanayotaka.

“Hebu,” alisema, na sikuweza kujua kama anawaonea wivu au anawahurumia. Kisha akakata simu, maana maji yalikuwa yameshaanza kutoka.