Siku moja maishani mwangu: kuirudisha damu mguuni

Saa 1 asubuhi
Naanza na picha kabla ya kuonana na watu. Mimi ni daktari wa radiolojia, upande wa kutibu. Natazama ateri za miguu kwa ultrasaundi, sitiskani na eksirei, na zilizoziba nazifungua kupitia tundu la sindano. Mgonjwa wa kwanza leo ni mama mwenye kisukari cha miaka mingi, na kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kimeanza kuwa cheusi. Sitiskani inaonyesha ateri ya paja imeziba kipande cha kama sentimita 8. Chini ya goti picha hainisaidii. Kalsiamu iliyoganda kwenye kuta za mishipa inang'aa sawa na kontrasti, dawa tunayoidunga ili mishipa ionekane kwenye picha, na ukitazama haraka unaweza kuapa kwamba damu inapita mahali isipopita.

Saa 2
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Ndiyo mnakuja kunikata?"
"Hatukukati, mama. Tunaingia kwa sindano, tunapitisha waya mwembamba, tunapanua mshipa kwa puto. Kuhusu kidole chenyewe siwezi kukuahidi. Ninachohangaikia ni mguu."

Naushika. Kinenani mapigo yapo, nyuma ya goti hayapo, na kwenye mgongo wa mguu hayapo. Hana maumivu makali, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi: kisukari kimeua neva, mguu unakufa bila kulalamika.

Muuguzi amepima presha ya kifundo na kuigawanya kwa presha ya mkono. Kwa kawaida jibu huwa kati ya 1.0 na 1.4, na likiwa 0.90 au chini, ateri zimebana. Yake ni 1.5. Asiyezoea angesema mguu una damu tele, kumbe mishipa imekakamaa kwa kalsiamu hadi mkanda wa presha unashindwa kuibana. Ndiyo maana kwa wagonjwa wa kisukari na wa figo napima pia presha ya kidole cha mguu. Kidole cha pili kinasoma milimita 28 za zebaki. Chini ya 30 kidonda hakina matumaini makubwa ya kupona chenyewe.

Naweka ultrasaundi. Ateri nzima hutoa mlio wa hatua tatu, wa haraka na mkali. Hapa kifundoni nasikia mvumo mmoja mzito, unaoburuzika. Basi damu kidogo inafika, ikizunguka kwa vijia vya pembeni.

Majibu ya kreatinini, kipimo cha figo, ni mazuri, kwa hiyo nitatumia kontrasti ya iodini. Figo zingekuwa dhaifu ningetumia gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo huisukuma damu pembeni kwa muda, huyeyuka, kisha hutolewa na mapafu. Gesi hiyo hatuipeleki kamwe kwenye ateri za juu ya kiwambo cha tumbo, kwa sababu inaweza kuudhuru ubongo.

Saa 4
Tumevaa aproni za madini ya risasi za kuzuia mionzi, na kola za shingoni. Vijana wanaojifunza nawakumbusha kila mara: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia inashuka hadi robo.

Nachoma kinenani, upande uleule wa mguu mbovu, nikiongozwa na ultrasaundi, mahali ateri inapopita juu ya kichwa cha mfupa wa paja. Baadaye nitahitaji mfupa huo wa kukandamizia. Sindano, waya, kisha mrija: njia aliyoieleza Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953, na mpaka leo ndiyo tunayoitumia. Heparini inaingia ili damu isigande.

"Mama, utasikia joto mguuni. Usisogee."

Mashine inapiga picha kabla ya kontrasti, kisha inaiondoa picha hiyo kwenye zinazofuata. Mifupa inatoweka, inabaki mishipa mitupu. Sasa naona kile sitiskani ilichonificha. Kati ya ateri tatu za chini ya goti, ya nyuma imekufa kabisa, ya peronea inaishia njiani, ya mbele imeziba katikati lakini inafufuka juu ya kifundo. Hiyo ya mbele ndiyo inayolisha eneo la gumba, kwa hiyo kazi yangu iko pale. Kufungua ateri iliyo rahisi, ilhali kidonda kiko kwingine, hutoa picha nzuri ya kumwonyesha mwenzako, na kidonda kinabaki palepale.

Pajani waya unagoma. Naukunja ncha, unaingia ndani ya ukuta wa ateri, unapita kando ya uzibe na kurudi kwenye njia ya damu mbele yake. Amman Bolia wa Leicester, Uingereza, ndiye aliyetuonyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba hilo linaweza kufanywa kwa makusudi. Puto la milimita 5, dakika 3. Chini, waya mwembamba zaidi na puto la milimita 2.5. Stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia mshipa wazi, siweki: ateri imebaki wazi, na nyuma ya goti hasa napaogopa, maana kila hatua inapakunja. Picha ya mwisho inaonyesha kontrasti ikishuka hadi vidoleni.

Wakati nakandamiza kinena nawasimulia vijana habari za Charles Dotter, daktari wa radiolojia. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, alipanua ateri ya paja ya bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Mguu ukabaki.

Saa 8 mchana
Baba mmoja anaumwa kigimbi akitembea, akisimama kinatulia. Anavuta sigara. Ateri ya paja imebana, lakini hana kidonda wala maumivu ya usiku. Simwekei waya. Aache sigara, anywe dawa za lehemu na ya kuzuia damu kuganda, atembee kila siku hadi maumivu yaanze, apumzike, aendelee.

Saa 10 jioni
Barua ya rufaa: mgonjwa wa kisukari, kidonda kisiginoni, amepangiwa kukatwa mguu chini ya goti. Mapigo hayakuandikwa, presha ya kidole haikupimwa, hakuna picha hata moja. Hili linaniuma kuliko uchovu wote wa siku. Yako maambukizi yasiyosubiri, na hapo kisu kinaokoa maisha. Lakini huyu hana homa na usaha haujasambaa. Napiga simu, naomba aletwe kesho kabla ya mtu yeyote kushika msumeno.

Saa 11
Nampitia mama. Mguu una joto, kinena hakijavimba. Kidole cha pili sasa kinasoma 52. Naandika klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, ultrasaundi baada ya mwezi mmoja, na kwa daktari wa upasuaji: gumba lisiguswe leo, asubiri mpaka wa nyama hai na iliyokufa ujitenge.