Baiskeli nyepesi ya shoki mbili na vumbi la Nakuru

Wengi wanaotafuta baiskeli ya milimani yenye shoki mbele na nyuma, ile nyepesi ya mbio za nyika, huogopa mawe ya kreta ya Menengai. Mawe si neno. Hata fremu ya kaboni ya baiskeli yenye uzito wa kilo 11 imeundwa ikijulikana kwamba itapita kwenye mawe. Kinachozimaliza baiskeli hizi huku kwetu ni vumbi. Udongo wa Nakuru umetokana na majivu ya volkano, na ukishuka kuelekea Gilgil, upande wa Kariandusi, unakutana na vumbi jeupe la diatomaiti, laini kama unga wa ngano. Ndani yake mna silika, na silika ikichanganyika na grisi inasaga chuma polepole bila wewe kusikia chochote. Ukilielewa hilo, utajua pesa zako za matengenezo zielekee wapi.

Niseme wazi kwanza ni nani anayeihitaji. Kama safari zako ni barabara ya muramu kwenda Njoro na kurudi, chukua yenye shoki ya mbele tu. Itakuwa nyepesi zaidi, rahisi zaidi, na hutakuwa na viungo vya nyuma vya kulea. Shoki ya nyuma inajilipa pale unapopanda njia ya mawe yaliyolegea ukiwa umekaa, kwa sababu gurudumu la nyuma linaendelea kushika ardhi badala ya kurukaruka. Inajilipa tena ukiteremka muda mrefu, mgongo ukiwa umeanza kuchoka. Milimita 100 hadi 120 za mwendo wa gurudumu, yaani umbali ambao shoki inaliruhusu kupanda na kushuka, zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo unabeba uzito ambao utaulaani ukipanda kwenda ukingo wa kreta, na hewa yenyewe kule juu ni nyembamba. Kwa mpando huo meno 30 kwenye gia ya mbele ni bora kuliko 34, hata kama baiskeli imeuzwa na 34.

Sasa shoki yenyewe. Utashangaa ni baiskeli ngapi za bei kali zinaendeshwa na hewa ile ile iliyotiwa dukani. Shoki ya hewa isiyopimwa kwa uzito wa mwenyewe ni mzigo tu. Unahitaji pampu ya shoki, ile ndogo yenye geji ya psi 300 (psi ni kipimo cha presha ya hewa). Pampu ya tairi haifai, inatoa hewa nyingi mno kwa pigo moja na haifiki presha hiyo. Vaa kila kitu unachosafiri nacho, viatu, kofia, na begi la maji likiwa limejaa, maana lita mbili za maji ni kilo mbili. Kwa shoki ya nyuma anza na psi sawa na uzito wako kwa ratili, yaani kilo zako mara 2.2. Mwenye kilo 70 ataanzia karibu 150. Ukifika nusu ya presha hiyo, toa pampu, bonyeza shoki polepole mara kumi hivi ili hewa igawanyike vyumba vyote viwili vya ndani, kisha uendelee. Asiyefanya hivyo hupima leo akaridhika, kesho akakuta shoki imelegea.

Kisha egemea ukuta, kaa kwenye kiti bila kuruka, sukuma ile ringi ya mpira iliyo kwenye fimbo ya shoki hadi iguse sili, ule mpira unaozuia vumbi lisiingie, na ushuke taratibu bila kuitikisa baiskeli. Pima ringi imesogea kiasi gani. Shoki ya nyuma ambayo fimbo yake ina mwendo wa milimita 45 inatakiwa ibonyee milimita 10 au 11, karibu robo. Foki, yaani uma wa gurudumu la mbele wenye shoki ndani yake, ikiwa ya milimita 120 iwe kati ya 18 na 24. Ikibonyea kupita hapo, ongeza psi 5 na upime upya. Ukichomeka pampu tena, geji itaonyesha presha pungufu kuliko uliyoiacha, kwa sababu hewa kidogo imeingia kwenye mpira wa pampu. Na ule mlio wa fss ukiichomoa ni hewa ya mpira huo, si ya shoki, kwa hiyo usiongeze psi za kufidia.

Kasi ya shoki kurudi baada ya kubonyea ipime kwenye ukingo wa barabara. Shuka ukingo ukiwa umekaa. Sehemu ya nyuma inyanyuke mara moja na kutulia. Ikiruka mara mbili, zungusha kirekebishi cha kasi hiyo kwenye shoki kuelekea upande wa polepole, kituo kimoja baada ya kingine. Wiki ya kwanza angalia ile ringi kila ukirudi nyumbani. Siku ya njia mbaya kabisa iwe imekaribia mwisho wa fimbo. Ikibaki katikati siku zote, hewa ni nyingi na umelipia mwendo usioutumia. Ikigonga mwisho mara kwa mara ilhali kipimo chako cha kukaa ni sahihi, usiongeze hewa: weka kipande cha plastiki cha kupunguza nafasi ndani ya shoki, ndicho kinachofanya mwisho wa mwendo uwe mgumu bila kuharibu mwanzo.

Turudi kwenye vumbi. Ukifika nyumbani, kabla ya kuibonyeza foki hata mara moja, futa miguu yake na fimbo ya shoki kwa kitambaa safi kikavu. Mpangilio huo una maana: ukibonyeza kwanza, unalipeleka vumbi chini ya sili kwa mkono wako mwenyewe. Ndani ya sili za foki mna ringi za sponji zilizolowa mafuta, na ndizo zinazoilainisha foki. Zikishajaa matope ya vumbi na mafuta, foki inakuwa nzito kuanza kubonyea, halafu rangi ya miguu inaanza kulika upande wa nyuma. Rangi ikishalika hakuna dawa, unabadilisha miguu mizima. Watengenezaji wengi wanasema ufungue sehemu ya chini ya foki na kubadilisha mafuta baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa ukame wa Januari hadi mwanzo wa mvua mimi naona saa 30 ni busara zaidi. Kiasi na aina ya mafuta hutofautiana foki kwa foki, kwa hiyo fuata kitabu chake, na usikubali fundi akutilie oili ya injini ya pikipiki.

Viungo vya fremu ndipo baiskeli hizi hufa kimya kimya. Kagua hivi. Nyanyua baiskeli kidogo kwa kushika kiti, kidole chako kikiwa kwenye jicho la shoki, pale bolti inapopita. Ukihisi mgongano mdogo wa tk hapo hapo, ni bushi ya shoki, kitu cha bei nafuu. Kama jicho limetulia lakini mkia, yaani sehemu ya nyuma ya fremu, unacheza ukiusukuma kushoto na kulia, ni beringi. Kwa uhakika zaidi, toa bolti moja ya shoki na uunyanyue mkia wote kwa mkono, juu hadi chini, taratibu, ukiushikilia usije ukaangukia fremu. Unatakiwa uteleze bila kukwama mahali popote. Ukihisi vijino, beringi moja imeshashika kutu.

Beringi zenyewe hazina siri. Namba imechapwa kwenye sili: 6902 ni milimita 15 kwa 28 kwa 7, 6802 ni 15 kwa 24 kwa 5, 6900 ni 10 kwa 22 kwa 6. Beba ile kuukuu hadi duka la beringi, wanakouza za mota na mashine, uombe yenye 2RS, yaani sili ya mpira pande zote mbili. Kuna jambo moja la kuangalia, nalo ni muhimu. Fremu nyingi hutoka kiwandani na beringi zisizo na kile kikapu cha ndani kinachotenganisha gololi, gololi zimejazwa hadi hakuna nafasi, kwa sababu kiungo cha fremu hakizunguki, kinayumba nyuzi chache tu huku kimebeba mzigo mzito. Beringi ya kawaida ya dukani ina kikapu na gololi chache, hivyo itafanya kazi lakini itachakaa mapema. Ukiweza kuagiza zile zilizojaa, agiza.

Yoyote kati ya hizo utakayonunua, usiiweke kama ilivyo. Ingiza ncha ya wembe ukingo wa ndani wa sili, uinyanyue bila kuikunja, na utaona grisi imepakwa robo tu ya nafasi. Kiwango hicho ni cha beringi inayozunguka kwa kasi. Hii yako haizunguki, kwa hiyo ijaze grisi isiyopenya maji mpaka ifurike, rudisha sili, futa iliyozidi. Vumbi haliingii mahali palipojaa.

Kuiingiza, tumia bolti ndefu yenye nati, washa mbili na soketi inayolingana na duara la nje la beringi, uvute kwa kukaza. Ukisukuma kwa duara la ndani unaziumiza gololi kabla ya safari ya kwanza. Nyundo isikaribie fremu ya kaboni, hata fundi akikuhakikishia kwamba atagonga pole pole. Bolti za viungo zipakwe gundi ya nyuzi ya bluu na kukazwa kwa spana yenye kipimo. Namba ya Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza, mara nyingi imeandikwa kwenye bolti yenyewe au pembeni yake.

Kuosha, ndoo na brashi laini. Mashine ya presha ya waosha magari inasukuma maji kupita sili zote nilizozitaja hapo juu, na kazi yako yote inapotea kwa dakika mbili.

Cheni wakati wa ukame ipake mafuta ya nta, yanayokauka. Mafuta mazito yanakusanya vumbi na kula kaseti, ile seti ya gia za nyuma, na kaseti ya gia 12 ni ghali. Pima cheni kwa rula ya chuma: pingili 12 kamili mpya (ya ndani na ya nje pamoja ni moja) ni milimita 304.8. Zikifika 306.3, badilisha. Kwa breki soma kifuniko cha hodhi la mafuta yake: penye neno mineral, mafuta ya breki ya gari yataharibu sili zote, penye DOT 5.1, DOT 4 ya duka la vipuri inakubalika, lakini DOT 5 haifai kamwe.

Tairi ziwe bila tyubu, na hapa usibanie uzito. Tairi nyepesi kabisa ya mashindano huchanwa ubavuni na lava yenye makali ya Menengai. Chagua yenye ubavu ulioimarishwa hata kama inaongeza gramu 150. Dawa ya kuziba pancha iwe mililita 100 hivi kwa tairi ya inchi 29, na ukague kila miezi miwili, kwani joto linaikausha ikabaki mabonge. Mwiba wa mgunga ukiukuta umezama, usiung'oe njiani kama hewa haitoki. Subiri ufike nyumbani, uung'oe na kulizungusha gurudumu tundu likiwa chini.

Ukiipeleka magharibi mambo mawili yanabadilika. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu takriban 1,130, kwa hiyo tairi uliyoijaza psi 22 nyumbani itasoma kama 21 ukifika ziwani. Kwenye shoki ya psi 150 tofauti hiyo haihisiki; kwenye tairi utaihisi. La pili ni udongo. Ule mwekundu wa Kakamega ukinyesha, na ule mweusi wa uwanda wa Kano hata zaidi, unajaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma. Tairi ya inchi 2.4 inayotosha vizuri Nakuru inaweza kukosa nafasi kule, 2.25 inaacha njia ya tope kutoka. Mafuta ya nta nayo yanaoshwa na mvua moja tu, tumia mafuta mazito. Na ukiipakia kwenye basi magurudumu yakiwa yametolewa, bana kipande cha kadibodi kati ya pedi za breki. Mzigo wa mtu ukikandamiza hendeli ya breki bila diski kuwepo, pistoni zinatoka na pedi zinashikana, na kuzitenganisha utahitaji bisibisi pana, subira, na uangalifu usiipasue pistoni.