Bia za Kibelgiji Pwani ya Maine

Ukitaka kutoka Boston kwenda Portland, jimbo la Maine, na huna gari, panda treni ya Downeaster pale North Station. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Njia nyingi ni misitu na miji midogo isiyo na jambo, mpaka unapokaribia kufika, treni inapokatiza vinamasi vya maji chumvi vya Scarborough na ndege weupe wanasimama kwenye tope kana kwamba wamelipwa kusimama hapo.

Nilikwenda mwishoni mwa Oktoba kumwona shemeji yangu, anayefanya kazi hospitalini huko. Sababu ya pili, ambayo wala sikumficha, ilikuwa kiwanda cha bia cha Allagash. Wengi wetu tukisikia bia ya Kimarekani tunafikiria ile ya kopo, nyepesi, inayonyweka tu ikiwa baridi ya kuuma meno. Allagash ni habari nyingine. Rob Tod alikianzisha mwaka 1995 akiwa na wazo moja: kupika bia za Kibelgiji Maine, mahali ambapo karibu hakuna aliyekuwa akiziulizia.

Shemeji akasema hatuendi wawili. Jirani yake ni mzee wa Lubumbashi, wote pale kwenye jengo wanamwita Papa, na alishaahidiwa. Portland ina Wakongo, Warwanda na Warundi wa kutosha kiasi kwamba dukani unaweza kununua sombe, yaani kisamvu, na kubishana bei kwa Kiswahili. Juni 2019 peke yake, mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliingia mjini ndani ya wiki chache, na jiji likawalaza kwenye ukumbi wa michezo wa Expo.

"Wabelgiji nawajua," Papa alisema akifunga mkanda wa gari. "Walitujengea viwanda vya bia mbele ya kutujengea shule." Hakuwa anatania sana. Kampuni ya bia ya Bralima ilianzishwa Leopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1923 kwa mtaji wa Kibelgiji, na bia yake ya Primus inanywewa mpaka kesho. Papa mwenyewe ni mtu wa Simba, bia ya kwao Lubumbashi, na alikuja kuonja huku ameshajiandaa kutopenda kitu.

Kiwanda kiko Industrial Way, nje kidogo ya mji, mtaa wa maghala na gereji ambako viwanda vidogo vya bia vimeota ng'ambo ya barabara. Mlangoni Papa, mvi kichwa kizima, akaombwa kitambulisho kuhakikisha ametimiza miaka 21. Alikitoa kwa furaha ambayo sijamwona nayo tena siku ile.

Tuliagiza bilauri ndogo ndogo za kuonja, tukakubaliana kila mtu atoe alama zake juu ya kumi bila kumwangalia mwenzake.

Ya kwanza ilikuwa White, asilimia 5.2 ya kilevi, ndiyo inayobeba kiwanda. Ni bia ya ngano, imetiwa giligilani na ganda la chungwa, na haichujwi, kwa hiyo ina ukungu. Hiyo ndiyo iliyowaponza mwanzoni: mnywaji aliona bia haipitishi mwanga akadhani imeharibika, na miaka mingi ya kwanza iliuzwa kwa tabu. Aina hii ilikaribia kufa hata kwao Ubelgiji. Kijiji cha Hoegaarden kilishabaki bila kiwanda hata kimoja cha bia hiyo, mpaka Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, akaifufua mwaka 1966. Ya Allagash ni laini, inapita kooni bila kelele, na giligilani haijipigi kifua. Nikaipa 8. Shemeji 7. Papa akaigeuza geuza kwenye mwanga, akauliza kama walisahau kuichuja, akaipa 4.

Tripel, asilimia 9, ndiyo iliyonisimamisha. Ni ya dhahabu, povu jeupe zito, na asili yake ni zile bia kali za rangi nyepesi ambazo watawa wa Westmalle walizipa jina hilo miaka ya 1930. Niliinusa nikasikia ndizi. Si fununu ya ndizi, ndizi hasa, iliyoiva mpaka ganda limepata madoa meusi. Mimi ni mtu wa Rombo, kwenye ndizi sikosei. Nikamwuliza dada aliyekuwa akitumiminia wametia ndizi gani. Akacheka, akasema hakuna ndizi humo, ni hamira. Hamira za Kibelgiji zikifanya kazi kwenye joto la juu kidogo zinatoa zenyewe kemikali ileile inayoipa ndizi harufu yake, na nyingine zinatoa harufu ya karafuu.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokionja. Bia za viwanda vikubwa hutumia hamira isiyo na maneno, inayokula sukari na kunyamaza, ladha ikabaki ya kimea na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Hizi za Kibelgiji ni bia za hamira. Mpishi anaandaa chakula tu, na anayeamua ladha ni yule mdudu, hamira. Tangu hapo nikaacha kupima uchungu na utamu, nikawa namsikiliza mdudu tu. Tripel ikapata 7, kwa sababu ndizi ni tamu lakini pombe inawasha kifuani. Papa akaipa 8 akasema, "Ii njo bia sasa."

Curieux sikuielewa na sioni haya kusema hivyo. Ni hiyo hiyo Tripel iliyolazwa kwenye mapipa yaliyokuwa ya bourbon, wiski ya Kimarekani, kisha ikachanganywa na Tripel mpya. Walianza kuitengeneza mwaka 2004. Sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, kwa hiyo mapipa yaliyokwisha kutumika ni mengi na wapika bia wanayagombania. Asilimia 10.2. Vanila, nazi, na ule utamu wa mti ulioungua. Shemeji aliipa 9 na bado ananipigia simu kuitetea hiyo 9 yake. Mimi 6. Nilimsubiri mdudu wangu sikumsikia, pipa limemziba mdomo.

Kabla ya bia ya mwisho tulionyeshwa kibanda inakoanzia. Kimeshikana na ubavu wa kiwanda, kina madirisha, na ndani kuna sinia kubwa la chuma, pana, halina kina, wanaliita coolship. Waliliweka mwaka 2007, wa kwanza Marekani kujenga kitu hicho kwa mtindo wa kale. Majira ya baridi wanamimina humo maji ya moto ya kimea, shayiri na ngano mbichi, wanafungua madirisha, wanakwenda kulala. Hawatii hamira. Hewa ya usiku inayapoza maji na kuleta vijidudu vyake, na asubuhi yanahamishiwa mapipani kukaa mwaka mmoja mpaka mitatu. Ndivyo wanavyopika lambiki, bia chachu ya Kibelgiji, bondeni Zenne, kusini magharibi ya Brussels. Tulipofika sinia lilikuwa limeoshwa, kavu. Papa aliingiza kichwa, akanusa, akasema kwao munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kinachochachushwa, haihitaji nyumba.

Inayotoka humo, wakichanganya ya mapipa machanga na makuukuu, inaitwa Coolship Resurgam. Ni chachu. Inakuja na harufu ya ndimu, ya ghala la nyasi, na kitu cha kizizini ambacho ukikiwaza sana hunywi. Wamarekani waliokuwa meza ya jirani walikunja nyuso wakapiga picha. Mimi nilikunywa nikajikuta kwenye mbege ya siku ya tatu, ile wazee wanayoibakisha kwa makusudi baada ya wageni kuondoka. Mbege ina ndizi zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe, si kwenye hopsi. Vitu viwili tofauti kabisa. Lakini hakuna anayekwenda dukani kununua hamira ya mbege. Ulimi wangu ulishafundishwa uchachu huo tangu utoto, kwa hiyo 9 niliyoipa msiipe uzito wote. Ukilelewa kwenye lager, anza na White.

Papa alikataa kuipa alama. Alisema bia iliyokaa miaka mitatu haipimwi na mtu aliyekaa nayo dakika tatu. Kisha akamaliza bilauri yake, na ya shemeji.

Tulibeba Saison, asilimia 6.1, kwenda nayo nyumbani, maana pale kiwandani niliionja juu juu nikaiona kavu, haina la kusema: 6. Jioni mke wa Papa alileta sombe yenye mawese na samaki mkavu, na bukari, ugali wa kwao. Nikajaribu kwanza na White, ikapotea. Chungwa na mawese havina undugu. Saison ikafanya kinyume. Ule ukavu niliouona ni kasoro ndio uliokata mafuta, na pilipili kidogo ya hamira ikakaa sawa na samaki. Aina hii ilipikwa kwa ajili ya vibarua wa mashambani Wallonia, kusini mwa Ubelgiji, watu wa kula kwanza. Niliipandisha mpaka 8 na nusu, shemeji akadai mchezo ulishafungwa kiwandani, na mama yule, ambaye hakuulizwa na mtu, akasema sombe ni 10.