Muheza na haki ya kupanda mti

Abiria anayetoka Segera kwenda Tanga huijua Muheza kwa dakika chache ambazo basi husimama stendi, vijana wakalizunguka na kuinua hadi madirishani mifuko ya nyavu iliyojaa machungwa, wakitaja bei na kuipunguza kabla hata hajawajibu. Basi likiondoka, naye huondoka akiamini kwamba mji huu umezaliwa na machungwa. Ukweli ni kwamba chungwa limechelewa kuingia katika habari za Muheza. Limekuja baada ya misheni, baada ya reli na baada ya mkonge, na limeshika nafasi yake pale tu mkonge ulipoanza kuanguka. Sisi tuliokulia hapa tuna njia fupi ya kuielewa historia hiyo, nayo ni kuuliza, kwa kila zama, nani alikuwa na ruhusa ya kupanda mti wa kudumu, na katika ardhi ya nani.

Kwa desturi ya Bonde, nchi ya Wabondei inayouzunguka mji huu, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani, ardhi na mti vyaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Mgeni akiomba mahali pa kulima hupewa, wala hatozwi kikubwa. Atapanda mahindi, muhogo, kunde na mbaazi, atavuna, na mwaka unaofuata ataomba tena. Asichoruhusiwa ni kupanda mnazi, mwembe, mkarafuu au mchungwa, kwa sababu mti wa aina hiyo humpita umri aliyeupanda, na kumwondoa mwenye mti katika shamba ni kesi isiyokwisha. Bibi yangu, Mbondei wa upande wa Magila, aliishika sheria hii bila kelele. Alikuwa akipita katika shamba alilowaazima watu na kukuta mche wa mwembe umejiotea kando ya kibanda chao, huinama, huung'oa na kuutupa kichakani, kisha huingia ndani akanywa chai na wenyeji wake, wakaulizana habari za watoto. Hakuna aliyesema neno, na hakuna aliyekuwa hajaelewa.

Mashaka haya juu ya wageni wanaokuja kukaa hayakuanza na wakoloni. Wakilindi, ukoo wa watawala wa Usambara wenye makao yao Vugha, walikuwa wameweka machifu wao hadi Bonde enzi za Kimweri ye Nyumbai, na alipofariki mwaka 1862 warithi wake wakaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wabondei waliitumia nafasi hiyo kuwainukia Wakilindi, katika uasi wa mwishoni mwa miaka ya 1860 unaokumbukwa kwa jina la Kiva. Katika miaka hiyohiyo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kazi Magila, mwendo usio mrefu kutoka ulipo mji wa leo. Shule yao iliwatoa Wabondei walimu, makarani na mapadre mapema kuliko majirani wengi, na mpaka sasa ni jambo la kawaida kukuta katika nyumba moja ya Kibondei mtoto wa kwanza ni Mwislamu, wa pili ni Mwanglikana, na mama yao anapika pilau ya Idi na ya Pasaka kwa sufuria lilelile.

Mji wenyewe, hata hivyo, ni mtoto wa reli. Ujenzi wa reli ya kwanza ya nchi hii ulianza Tanga mwaka 1893, na ilipofika Muheza mwaka 1896, umbali wa kilometa 40 hivi, kampuni iliyoijenga ilikuwa imeishiwa fedha. Serikali ya Kijerumani ikalazimika kuichukua mwaka 1899, na Korogwe haikufikiwa hadi 1902. Kwa miaka hiyo yote Muheza ilikuwa ndio mwisho wa reli, na mahali pa namna hiyo hakukosi bohari, duka, mgahawa na watu wanaosubiri. Lengo la mwanzo lilikuwa kahawa ya masetla wa Usambara Mashariki, lakini kahawa haikuupenda udongo wa kule juu, na mabwana wake wakapata hasara. Baadaye reli ndogo ya kilometa 23 ilitoka Tengeni, jirani na mji, hadi Sigi, ikawa inashusha magogo ya msitu. Leo treni ya abiria itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hupitia kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilichojengwa mwaka 1963, kisha huelekea Korogwe. Muheza, iliyokuwa kituo kikuu cha kwanza nje ya Tanga, imebaki kando.

Kilichoijaza reli kilikuwa mkonge, na mkonge nao ulikuja kama mgeni. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo mashamba yalienea Bonde zima, ardhi tambarare yenye reli karibu, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa mkonge kilianzishwa Mlingano, karibu na Ngomeni, wilayani kwetu. Kazi ya shambani haikuwa na siri. Mkataji alikata jani kwa kisu, akauondoa mwiba wa nchani ili usimtoboe mwenzake, akafunga majani 30 fungu moja, na mafungu yakapelekwa kwa troli hadi korona, kiwanda cha kukwangulia mkonge. Humo jani lilipondwa na kukwanguliwa kwa maji mengi hadi zikabaki singa, yaani nyuzi, ambazo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki kilitiririshwa mtoni, na harufu yake ilifika mjini kabla ya treni.

Kazi hiyo Wabondei waliikwepa kadiri walivyoweza, kwa kuwa walikuwa na mashamba yao na wengine walikuwa na elimu ya Magila. Wenye mashamba ya mkonge wakatafuta watu mbali, na mwaka 1944 wakaanzisha SILABU, ofisi yao ya kukusanya vibarua. Walioletwa waliitwa manamba, na babu yangu alikuwa mmoja wao, kijana aliyetoka Songea na sanduku la bati. Alilipwa kwa kipande: kila siku ya kazi iliwekewa alama, na mshahara ulitoka zilipotimia siku 30, hata kama kuzitimiza kulimchukua zaidi ya mwezi. Kambini alipewa chumba na kijieneo cha kulima mahindi. Mti wa kudumu hapakuwa na ruhusa ya kuupanda, kwani ardhi ilikuwa ya kampuni. Alipotoka nje ya mpaka wa shamba akawaomba Wabondei mahali, alikuta sharti ni lilelile. Kwa hiyo Mngoni huyu, pamoja na Wanyamwezi, Waha, Wabena na Wamakonde aliokuwa akikata nao mkonge, waliishi hapa miaka na miaka bila mti hata mmoja wa kuuita wao.

Lakini watu hawaishi kwa miti peke yake, na nadhani wanaoandika habari za manamba husahau jambo hili. Kambi zilijaa ngoma siku za mapumziko, na utani ukafanya kazi ambayo serikali isingeiweza. Akifa mtu asiye na ndugu hapa, watani wake ndio waliochimba kaburi, wakalizuia jeneza njiani wakidai walipwe, wakamvika mmoja wao kofia ya marehemu na kumwigiza anavyotembea, hadi waliokuwa wakilia wakacheka. Kutokana na hali hiyo vikazaliwa vyama vya kuzikana ambavyo vipo mpaka leo, vyenye daftari, mweka hazina na faini kwa asiyefika msibani. Na chakula cha msiba kikawa bada la wenyeji, ugali wa muhogo mweusi kidogo na wa kuvutika, ambao babu alisema alichukua mwaka mzima kabla ya kuuzoea.

Nimejiwekea nafasi ya kusema kidogo juu ya dawa, kwa kuwa katika jambo hili wilaya yetu imefika mbali kuliko tunavyojisifu. Amani, juu ya mji, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda humo, pamoja na mengine mengi, mikwinini. Na vita vya 1914 vilipowakatia njia ya meli, majeshi yao yalimeza kwinini iliyotengenezwa hukohuko mlimani. Karibu miaka mia moja baadaye, watoto waliolazwa kwa malaria kali katika Hospitali Teule ya Muheza walikuwa miongoni mwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika walioshiriki katika utafiti uliolinganisha kwinini na atesuneti, dawa nyingine ya malaria. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake, na kwinini ikaacha kuwa chaguo la kwanza kwa watoto wa namna hiyo.

Sasa machungwa. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na wakati huohuo kamba za plastiki zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni na kuishusha bei. Kwa muda wa miaka thelathini hivi uzalishaji wa nchi ulishuka hadi tani zipatazo 20,000. Korona zilinyamaza moja baada ya nyingine, na waliokuwa manamba wakawa wazee wasio na kipande na wasio na nauli ya kurudi kwao. Babu alikuwa amekwisha kumwoa bibi. Mashemeji zake walikaa kikao, wakampa ekari kadhaa, wakamruhusu apande michungwa, ila iandikwe vichwani mwa mashahidi kwamba miti ni ya dada yao na ya watoto atakaomzalia. Alikubali bila ubishi. Nilipokuwa mdogo nilidhani shamba lile lilikuwa lake, kwa jinsi alivyolijua: mti upi unawahi, upi unazaa mwaka na kupumzika mwaka, upi umebebeshwa kwenye shina la ndimu.

Chungwa la Muheza huiva likiwa na ganda la kijani, jambo linalowatia shaka wanunuzi wasiolizoea. Ganda huwa la rangi ya chungwa pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha kuivunja rangi ya kijani. Hapa kwetu joto la usiku haliiruhusu, wakati ndani utamu umekwisha kukamilika. Anayetaka kuhakikisha hulipima kwa uzito mkononi. Wavunaji hupanda mitini na vikapu, chini hukaa mhesabuji anayeokota mawili kwa kila mkono na kuimba hesabu yake kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na ole wako umsemeshe kabla hajafika mia. Kisha lori hupakiwa, na mengi huvuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa na Nairobi.

Hapo ndipo mwenye mti anapogundua kwamba mti peke yake hautoshi. Bei huletwa na dalali, na dalali huja nayo tayari. Mbaya zaidi, familia nyingi huuza machungwa yakiwa bado maua, kwa sababu ada ya shule na matibabu havisubiri msimu. Mnunuzi hutoa fedha mapema, kidogo, na mavuno yote huwa yake. Nimeiona nyumbani kwetu, na siwezi kumlaumu aliyefanya hivyo, kwani mtoto alikuwa amerudishwa kutoka shule. Kuna pia nzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, ambaye hutaga mayai ndani ya tunda na kulifanya lianguke kabla ya wakati; wanaojitahidi hutundika mitego na kufukia matunda yaliyoanguka, lakini mtego wako haumzuii nzi wa jirani.

Michungwa aliyoipanda babu imezeeka, mingine imekauka upande mmoja. Warithi ni wengi: watoto wa bibi wapo Muheza, Tanga na Dar es Salaam, na wajukuu hatujulikani idadi bila kukaa chini na kalamu. Mjomba mmoja anataka ikatwe, ipandwe misaji, ambayo haihitaji dalali kila mwaka. Shangazi anasema mji unakuja, viwanja vinapimwa karibu na barabara, na mthamini wa fidia atakapofika atahesabu miti inayozaa, si visiki. Katika kikao cha mwisho tulikubaliana jambo moja tu, kwamba anayetaka kupanda miche mipya apande kwa gharama yake, mstari wake, na jina lake liandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Binamu yangu mmoja, mwenye bodaboda, amekwisha kuandikwa mistari miwili.