Dirisha la Cathy na moto wa Mzee Mitomingi

Mi nina kasteshenari kangu Temeke, jirani na sekondari, na kama umewahi kufanya biashara karibu na shule unajua mwezi wa kumi ukifika fomu foo wanavyojaa pale mlangoni, kila mmoja kashika uchambuzi wa kitabu uliotolewa kopi mara hamsini mpaka maandishi yamekuwa kama yameandikwa na mvuke. Ngoswe nimeitoa kopi mpaka najua dhamira ziko ukurasa wa ngapi. Takadini hivohivo. Raha pekee ya kazi hii ni kwamba sabufa ni yangu na mziki nachagua mimi.

Sasa juzi kati nimeweka wimbo mmoja wa mama wa Kiingereza, Kate Bush, sauti nyembamba hiyo inapanda mpaka unahisi glasi zitapasuka, dogo mmoja anasubiri kopi zake akaniuliza, bro, huyu mama analia nini? Nikamwambia halii, huyu kafa, yuko nje ya dirisha anaomba kufunguliwa. Dogo akaniangalia kama mtu anayefikiria kubadilisha steshenari.

Ngoja nianze mwanzo. 2022 mpwa wangu alikuwa kakaa kwetu likizo, anaangalia ile sizoni ya Stranger Things, bando langu linateketea mchana kweupe. Humo ndani kuna binti anaokolewa na wimbo, Running Up That Hill, wa huyohuyo Kate Bush, wimbo wa 1985, na ile sizoni ikaufufua mpaka ukashika namba moja Uingereza miaka 37 baada ya kutoka. Mpwa akawa anaurudia asubuhi mpaka jioni, "anko sikiliza hapa, anko sikiliza hapa", na YouTube nayo si unaijua, ukigusa kimoja inakuletea ukoo mzima, ikaniletea Wuthering Heights. Wimbo wa 1978. Kauandika akiwa na miaka 18 tu, na ndo ukamfanya kuwa mwanamke wa kwanza kushika namba moja Uingereza kwa wimbo alioutunga mwenyewe, ukakaa pale juu wiki nne. Na chanzo chake ni kitabu. Riwaya ya Emily Brontë ya 1847, riwaya pekee aliyoiacha kabla hajafa akiwa na miaka 30. Tena inasemwa Kate alianza kwa kuona tu kipande cha mwisho kwenye tivii ndo akaenda kusoma, kwa hiyo nyie mnaoanzaga na muvi kabla ya kitabu msione aibu. Halafu wote wawili, mwandishi na mwimbaji, wamezaliwa tarehe 30 Julai. Sijui hiyo nayo niiweke kwenye fungu gani.

Kitabu nikakikuta Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, elfu tatu, jalada limeliwa na mende. Nisiwadanganye, Kiingereza chake kigumu, kuna mzee mmoja mtumishi anaitwa Joseph anaongea lafudhi ya kwao Yorkshire, nilikuwa namruka kama dimbwi. Lakini sura ya tatu aisee. Kuna mgeni kalala kwenye nyumba ya watu, usiku upepo mkali, tawi la mti linagonga dirisha, anakosa usingizi, anavunja kioo ili alishike lile tawi alinyamazishe, badala ya tawi anashika kamkono kadogo kana baridi kama barafu. Na sauti inalia, niingize ndani, nimepotea huku nje miaka ishirini.

Nilikuwa nasoma hiyo sehemu umeme umekatika, natumia tochi ya simu. Dirisha letu ni la nondo na wavu wa mbu, na nyuma kuna mwembe wa jirani ambao tawi lake upepo ukija linakwaruza bati letu, krrr, krrr. Bibi yangu alitufundisha ukiitwa jina lako usiku usiitike mpaka uitwe mara ya tatu, sababu huyo anayekuita mara moja humjui. Nikazima tochi. Mke wangu akauliza vipi, mbona umezima, nikamwambia naokoa chaji.

Hapo ndo nikauelewa ule wimbo. Kitabu kile kina kurasa zaidi ya 300, kina vizazi viwili, mirathi, ndoa za kukomoana, watu wana majina yaleyale mpaka unachora ukoo pembeni ya karatasi, na yule binti wa miaka 18 hajagusa chochote katika hivyo. Kachukua dirisha. Halafu kafanya kitu ambacho mi naona ndo ufundi wenyewe, kahamia upande wa nje, kwenye kitabu sisi tupo ndani na yule mgeni tunaogopa mzimu, kwenye wimbo tupo nje na Cathy, huo mzimu wenyewe, tunasikia baridi, na yule Heathcliff, mpenzi wake, ndo yuko ndani hafungui. Ndo maana ile sauti yake ya ajabu haishangazi tena ukishajua, mzimu ulitaka uimbe besi?

Basi tangu hapo nimekuwa na huu ugonjwa, kila wimbo nikiambiwa umetoka kwenye kitabu au muvi nautafuta naangalia kaiba wapi. Na wapo wanaochukua kila kitu, mbovu sana hiyo. Kuna hawa Iron Maiden wa roki, 1984 walichukua shairi refu la Coleridge la yule baharia aliyeua ndege akalaaniwa, wakalisimulia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, dakika 13 na ushee. Nilivumilia sita. Magitaa safi sana lakini kwangu mimi ni uchambuzi uleule wa fomu foo umepigiwa ngoma. Mashabiki wao najua mtanishukia, karibuni.

Taylor Swift naye 2008 kachukua Romeo na Juliet akabadilisha mwisho, baba mtu karidhia, pete imetoka, watu wanaenda kuchagua gauni. Mwanzoni niliona ni uhuni, sumu iko wapi, maana sisi Shakespeare tumeletewa na Mwalimu mwenyewe, alimtafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi akiwa madarakani, huwezi kuchezea vitu vya Mwalimu hivihivi. Lakini baadae nikajiuliza, binti anayesoma kile kitabu darasani anawaza nini? Anawaza hivohivo, natamani wasife. Kaimba kile ambacho kila msomaji kakitamani. Nikamsamehe.

Bob Marley hapa Dar kila kijiwe kinamjua ila sio wote wanajua War imetoka wapi. Maneno yale karibu yote ni hotuba. Haile Selassie alisimama Umoja wa Mataifa, New York, tarehe 4 Oktoba 1963, akasema mpaka falsafa ya rangi moja kuwa bora kuliko nyingine ife, vita haitaisha, na akazitaja Angola, Msumbiji na Afrika Kusini. Marley 1976 akaichukua, akaiwekea besi, neno "vita" likawa kiitikio. Sasa angalia hiyo tarehe. 1976 Msumbiji na Angola zilishapata uhuru, mwaka mmoja kabla, tena FRELIMO yenyewe ilizaliwa hapahapa Dar 1962, wazee wetu walikuwa wanapishana nao Kariakoo. Ye kaziacha nchi zote kwenye wimbo kama zilivyotajwa. Mzee mmoja wa kijiweni kwetu nilipomwambia hivyo akasema afadhali hakuzitoa, angezitoa wajukuu wangejua tulipewa uhuru kama zawadi ya Krismasi.

Na Krismasi mnajua ni nani. Boney M. Rivers of Babylon nimeicheza kwenye kila kipaimara na ubatizo toka nina akili, sikuwahi kufikiria, mpaka siku nimekaa kanisani msomaji anasoma Zaburi ya 137, "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni", kiguu changu kikaanza kutikisika chenyewe. Zaburi nzima ya watu waliochukuliwa utumwani, na sisi tunaikatia kiuno. Walioutunga ule wimbo ni Wajamaika, The Melodians, 1970, Marasta, na kwao Babeli ilikuwa ni mkoloni na polisi. Boney M wakaja kuulipua dunia nzima 1978. Wamechukua mistari michache tu, ule mwisho wa zaburi wenye kisasi cha kutisha hawajaugusa, na ni vizuri, ungetuharibia sherehe.

Kuna mwingine nauheshimu, King Kunta ya Kendrick Lamar, 2015. Wa rika langu mnamkumbuka Kunta Kinte kwenye mikanda ya video, toka kwenye kitabu cha Alex Haley cha 1976, mtaani kwetu kila mtu mweusi tii mrefu aliitwa Kunta na hakuna aliyekasirika. Kunta alikuwa anatoroka utumwani, anakamatwa, anatoroka tena, mwishowe wakamkata nusu ya mguu asikimbie. Kendrick kachukua huo mguu. Huo tu. Anaimba kwamba ye ni mfalme na kila mtu anataka kumkata miguu. Neno moja "mfalme" na jina moja la mtumwa vimekaa pamoja, umemaliza kitabu chote.

Basi yote haya nikawa namwagia yule dogo, mashine inatoa kopi taratibu maana wino ulikuwa unakaribia kuisha, na dogo akaniuliza swali ambalo limenikaa mpaka leo. Bro, sa mbona Ngoswe hana wimbo?

Nikakosa cha kusema. Nikaanza kujitetea kwamba kwetu mambo yanaendaga kinyume, kwetu wimbo ndo unaanza halafu kitabu kinafuata. Siti binti Saad alienda Bombay 1928 kurekodi taarabu, na Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote, akaja kukaa chini akaandika wasifu wa mwimbaji. Sio mwimbaji kamwimba mwandishi. Na taarabu yenyewe ni shairi limevaa kanga, vina na mizani vyote vimo, kwa hiyo labda hatujawahi kuona haja ya kwenda kukopa kitabuni. Hata Bongo Fleva ikitaka kukopa inakopa kwenye wimbo mwingine, Diamond na Rayvanny 2016 walivyoichukua ya Saida Karoli wakaifanya Salome, na nchi nzima ikakumbuka kumbe tulikuwa na Saida.

Dogo akasema sawa bro, lakini Ngoswe?

Kwa ambao mmesahau au mlikuwa mnasinzia: tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe ni karani wa sensa, katumwa kijijini kuhesabu watu, anafikia kwa Mzee Mitomingi, badala ya kuhesabu anampenda binti wa mzee, Mazoea, anatoroka naye. Mzee kwa hasira anachukua makaratasi yote ya sensa anayatia moto. Watu mtaani wanasema mambo ya Ngoswe mwachie Ngoswe mwenyewe na wengine hata hawajui kuna kitabu.

Nikamuuliza dogo, dirisha la humo liko wapi? Akafikiria. Akasema moto. Nikasema na nani anaimba? Akasema, Ngoswe. Nikamwambia hapana, Ngoswe ataimba mapenzi kama wote, tumeshaichoka hiyo. Akakaa kimya, akachukua kopi moja iliyoharibika, ile nusu nyeupe nusu nyeusi, akageuza nyuma akaanza kuandika, huku anagonga meza na kidole. Mi nikaendelea na wateja. Baada ya kama robo saa akanisomea, kajifanya yeye ndo Mitomingi:

Umehesabu kaya yangu, umehesabu hadi kuku,
umeuliza umri wangu, na kama nina wajukuu,
binti yangu hukumwandika, umemfuta usiku,
sasa njoo uhesabu majivu, kopi yako ndo hiyo huku.

Nikamwambia mstari wa nne umezidi mizani, na "huku" umeiweka kwa sababu ya kina tu, haina kazi. Lakini ule wa tatu sikuugusa. Hukumwandika, umemfuta. Nimesoma huo uchambuzi mara ngapi, dhamira, wahusika, tamathali za semi, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yule mzee alikuwa anapiga hesabu.

Dada mmoja aliyekuwa anasubiri pasipoti saizi akasema ila siku hizi karani anakuja na kishikwambi, 2022 si mliona, sasa Mitomingi angechoma nini? Dogo akasema angekiuza Kariakoo. Tukacheka pale, mashine nayo ikagoma, wino umeisha kweli, Ngoswe kabaki ukurasa wa kumi na mbili.

Dogo alirudi kesho yake kuchukua kurasa zilizobaki, akataka na ile karatasi yake. Nikamwambia hiyo kwanza nitoe kopi moja ibaki hapa. Akanidai mia.